Uvimbe kwenye mapafu ambao SIYO kansa: nimemezeshwa dawa za TB, nikaambiwa kansa, mwisho ikawa kitu cha tatu (uzi mrefu)

Kifua_Kipya (mleta uzi)

Wakuu habari za humu ndani. Mi ni msomaji wa kimya kimya miaka mingi, leo nimeamua kuandika maana kipindi natafuta habari za hili jambo kwa Kiswahili sikupata kitu kabisa, ukiandika tu uvimbe mapafuni unaletewa kansa, dalili za kansa, kansa hatua ya nne, mpaka unazima simu unaiweka chini ya mto. Ni ndefu, asiyependa kusoma aruke.

Ni mwanamke, miaka 46, sigara sijawahi hata kuonja. Mwaka juzi nilikuwa nafanyiwa operesheni ndogo ya goti, wakapiga eksirei ya kifua kama utaratibu tu kabla ya nusu kaputi. Wakakuta doa. Duara, pafu la kulia kwa chini, kama sarafu imedondoka mle ndani. Sikohoi, sina homa, kilo zangu ziko pale pale (zingepungua ningefurahi). Daktari wa kwanza, simtaji na hospitali siitaji, akasema hiyo TB. Nikamuuliza mbona makohozi hamjapima, akasema wewe huna makohozi, tunaanza dawa tu. Basi nikameza miezi sita, mkojo mwekundu, viungo vinauma, nyumbani kikombe changu nimekitenga peke yangu. Dozi imeisha, eksirei ikarudiwa, doa liko vile vile, halijapungua wala halijasogea.

Daktari wa pili ndo akaniandikia CT, ile picha inayokata kifua vipande vipande. Majibu: milimita 28, kingo laini zimenyooka, dawa ya mshipani ikipita linawaka sana, ndani hakuna mafuta wala chokaa. Wakanichoma sindano kupitia mgongoni kuchukua kinyama. Karatasi ikarudi imeandikwa "seli zinazotia shaka ya adenokasinoma", yaani aina ya kansa ya pafu. Hiyo karatasi nimeibeba kwenye pochi wiki tatu imekunjwa mara nne, nilikuwa naifungulia chooni kazini naisoma tena kama vile herufi zitakuwa zimebadilika. Nikapangiwa tarehe, nikaambiwa pande lote la chini la pafu la kulia linatoka.

Sasa sikia. Mama mkwe wangu ni mtu hatupi kitu. Siku tatu kabla ya tarehe ananiuliza, we si ulianguka na pikipiki ile ukapigwa picha ya mbavu? Mi nimeshasahau, miaka saba imepita. Akaenda nyuma ya kabati akatoa bahasha ya kaki, filamu mbili zimegandana kwa unyevu, tukazibandua taratibu na kitambaa. Nikaipeleka. Taa ya lile boksi la kusomea picha ilikuwa imeungua, msoma picha akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akanyamaza, akachukua rula.

Doa lilikuwepo. Milimita 21. Miaka saba iliyopita watu wote walikuwa wanatazama mbavu zangu, hakuna aliyeliona.

Naendelea baadae, nina mtu wa kumpikia hapa.

---

Jicho_Kavu

Dah. Weka nanga hapa.

---

Mzee_Kobe

Binti pole sana na hongera kwa kupata mama mkwe wa maana, wengine wetu hatuna bahati hiyo. Endelea tafadhali, na mimi nina la kwangu nitasema.

---

Kifua_Kipya

Nimerudi. Daktari wa upasuaji alipoiona ile filamu hakufuta operesheni ila alibadilisha mpango. Akanieleza vizuri sana, akasema kitu kilichokaa miaka saba kikaongezeka milimita saba hakina tabia ya kansa ya kawaida, ila siwezi kukiacha kwa sababu sindano imeleta shaka na kuna aina za uvimbe zinazokua polepole ambazo si nzuri. Kwa hiyo tunaingia na kamera, tunatoa kidonge chenyewe na ukingo kidogo wa pafu, kinapelekwa maabara wewe ukiwa umelala, kinagandishwa kwa baridi na kukatwa kusomwa pale pale. Wakisema kansa naendelea kutoa pande lote. Wasipokuwa na hakika nafunga, tunasubiri majibu kamili, kama itabidi nakurudisha.

Nimeamka swali la kwanza nimemuuliza nesi, pande langu lipo? Akacheka, akasema lipo. Maana maabara walimjibu "haiwezi kuamuliwa kwa kipande cha kugandisha" na yeye akafunga. Mungu ambariki yule mtu, wangapi wangekata tu.

Matundu matatu ubavuni na mrija unaenda kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Ile chupa ndo ilikuwa televisheni yangu. Nikikohoa inatoa mapovu, nikitulia inatulia. Siku ya kwanza mapovu mengi, siku ya pili nakohoa kwa makusudi napata povu moja, siku ya tatu hakuna, wakauchomoa, uchungu wa kuchomoa ni sekunde mbili ila hizo sekunde mbili utazikumbuka.

Majibu kamili yalichukua siku kumi na mbili: SKLEROZINGI NYUMOSAITOMA. Uvimbe usio kansa. Nikamwambia daktari rudia, akarudia, nikamwambia andika.

---

Dr_Stetho

Asante mleta uzi, kwa niaba ya wale wenzangu waliokupa dozi bila kipimo naomba radhi japo siwajui. Mimi ni daktari wa kifua, ngoja niweke nyama kwenye mifupa maana najua wengi watapita hapa wakiwa na karatasi kwenye pochi kama huyu dada.

Vimbe za mapafuni zisizo kansa ni chache, kwenye vimbe zote zinazoanzia pafuni hazifiki hata tano kwa mia. Katika hizo chache, iliyo nyingi kuliko zote inaitwa hamatoma, karibu robo tatu ya kundi zima. Zinazobaki ndo zile adimu, nyingine daktari anamaliza kazi hajakutana nayo. Ndo maana watu wanakosea, si uzembe kila mara, mtu hafikirii kitu ambacho hajawahi kukiona.

Hii ya dada ina historia ya kuchekesha kidogo. Walioielezea mara ya kwanza ni Liebow na Hubbell mwaka 1956, wakadhani ni uvimbe wa mishipa ya damu kwa jinsi ilivyojaa damu ndani, wakaipa jina la hemanjioma. Jina likakaa miaka na miaka. Baadae ikaonekana kumbe inatokana na seli zinazotanda vifuko vya hewa, zile zinazotengeneza ule ute unaozuia vifuko visigandane. WHO wakabadilisha jina rasmi kwenye kitabu chao cha 2015. Kwa hiyo mkikuta karatasi ya zamani imeandikwa sklerozingi hemanjioma ni kitu hicho hicho. Kwa kila wagonjwa watano karibu wanne ni wanawake, umri wa kati, wengi hawana dalili yoyote wanakutwa kwa bahati kama yeye.

Sasa kwa nini sindano ilisema adenokasinoma? Ule uvimbe una aina mbili za seli, za juu zinazofunika na za duara zilizo ndani, na unaweza kuwa na sura nne: kama vidole vidole, kama kovu gumu, nyama iliyojaa, au madimbwi ya damu. Sindano inachukua uzi mwembamba wa nyama. Ikigusa sehemu ya vidole vidole tu, chini ya darubini inafanana sana na adenokasinoma. Mbaya zaidi, rangi ya maabara inayoitwa TTF-1 ambayo sisi tunaitumia kusema "hii ni kansa ya pafu" inashika kwenye seli zote mbili za uvimbe huu. Kinachowatofautisha ni kwamba zile za duara zinashika TTF-1 ila rangi ya keratini kwa kawaida hazishiki, za juu zinashika zote. Ili uone hilo unahitaji kipande kikubwa chenye seli zote mbili. Kipande cha kugandisha nacho kinadanganya kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo yule aliyefunga akasubiri alifanya kazi safi.

---

Jicho_Kavu

Dokta nina swali la kijinga, kwa nini miaka saba na milimita saba ikawa hoja kubwa hivyo? 21 mpaka 28 mbona naona imekua?

---

Dr_Stetho

Si la kijinga, wanafunzi wangu wanalikosa. Usipime kwa upana, pima kwa ujazo, kitu ni tufe. Tufe likitoka milimita 20 kwenda 25 ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili, japo kwa jicho unaona imeongezeka kidogo tu. Huyu dada 21 kwenda 28 ujazo umekuwa kama mara mbili na theluthi hivi ya ule wa mwanzo, kwa miaka saba. Kansa nyingi za mapafu zilizo ngumu ujazo unajizidisha mara mbili ndani ya siku kati ya 20 na 400. Kingekuwa kansa ya namna hiyo kwa miaka saba tusingekuwa tunaandikiana hapa.

Ila msichukue hiyo kama kinga. Kuna kitu kinaitwa kasinoidi, nacho kinakua kwa mwendo wa kobe (samahani mzee), kingo laini, kinawaka kwenye CT, vijana wasiovuta wanakipata, na hicho si kundi hili, ni kansa ya daraja la chini. Na kuna adenokasinoma nyingine, hasa zile zinazoonekana kama ukungu kwenye CT, nazo zina subira. Ndo maana daktari wa dada alisema nachelewesha maamuzi ila sifuti operesheni.

---

Mzee_Kobe

Umesamehewa daktari. Sasa na la kwangu.

Mimi nimetibiwa pumu miaka minne. Nimenunua zile za kuvuta mdomoni, ya bluu, ya zambarau, nikapewa na vidonge vya steroidi uso ukavimba kama andazi. Na kila mwaka napata nimonia, na kila nimonia ni kushoto chini, mahali pale pale. Nikaenda kwa kijana mmoja daktari, mdogo kabisa, akaniweka stetho mgongoni akasema mzee vuta hewa kwa nguvu, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudia kama mara sita. Akaniambia mzee, pumu inapiga filimbi pande zote. Wewe unapiga upande mmoja.

Hilo neno sijalisahau. Miaka minne hakuna aliyelinganisha pande mbili.

Wakaingiza bomba la kamera kupitia puani mpaka kwenye njia ya hewa, wakakuta kitu cha njano kinang'aa kama punje ya mahindi, kimening'inia kwa kishikio chembamba, kila nikitoa pumzi kinaziba mlango. Wakakikata kwa kitanzi cha waya wa moto, wakakitoa, nikaonyeshwa kwenye kichupa. Hamatoma, ya aina inayoota ndani ya bomba la hewa. Sikukatwa ubavu, kesho yake nikaenda nyumbani, za kuvuta zote nimempa mjukuu achezee makopo.

---

Dr_Stetho

Mzee shikamoo. Hiyo ni somo zima la ukaguzi. Nimonia inayorudi mahali pale pale na mluzi wa upande mmoja, tafuta kitu kilichoziba. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara anza kuogopa kansa, kwa mtoto anza na njugu au shanga aliyomeza vibaya, lakini lipoma, hamatoma, papiloma na uvimbe wa seli za chengachenga wote wanaweza kukaa hapo na kujifanya pumu. Hamatoma nyingi zinakaa pembeni mwa pafu hazisumbui, moja kati ya kumi hivi ndo inaota kwenye njia ya hewa kama ya mzee.

Zile za pembeni ndo rahisi kuliko zote. Ukiona kwenye CT mafuta ndani ya kidonge chenye kingo laini, au chokaa iliyotawanyika kama bisi, umeshamaliza, hakuna sindano wala kisu. Mafuta CT inayasoma kwa namba hasi, chini ya hasi 40 hivi, maji ni sifuri. Lakini mkataji wa picha lazima akate vipande vyembamba, ukikata vinene namba ya mafuta inachanganyika na ya nyama, inapanda na unaambiwa "uvimbe mgumu usiojulikana". Mwenye ripoti ya hivyo muulize unene wa vipande, milimita moja au tano, usione aibu. Isiyokuwa na mafuta wala chokaa ndo inafuatiliwa au inatolewa.

---

Tabibu_wa_Majani

Ndugu zangu hizi vimbe zinayeyuka zenyewe, kuna mchanganyiko wa mizizi mitatu asubuhi na jioni siku 40 nimeshawasaidia wengi, wenye uhitaji njooni pm. Hospitali wanapenda kukata tu.

---

Kifua_Kipya

Kaka kwa heshima, hiyo pm baki nayo. Mi miezi sita nimemeza dawa za ugonjwa ambao sina, na hizo zilikuwa za hospitali kabisa zimepimwa. Sioni kwa nini nianze nyingine ambazo hazijapimwa. Leta picha ya kabla na ya baada ya hata mmoja, CT, siyo ushuhuda wa mdomo.

---

Tabibu_wa_Majani

Picha za watu ni siri.

---

Mzee_Kobe

😂😂 sawa tabibu.

---

Mke_wa_Fundi

Samahani naingilia, nilikuwa nasoma tu lakini hii imenigusa. Baba yangu alikuwa anaanguka asubuhi. Yaani anaamka anaongea maneno hayaeleweki, jasho linamtoka, anamtukana mama (baba hatukani), ukimpa chai yenye sukari nusu saa amerudi mwenyewe. Sukari ikipimwa 2.1, 1.9. Si mgonjwa wa kisukari hata kidogo. Wakatafuta kongosho wee, hakuna kitu. Na kucha zake zilikuwa zimevimba mviringo kama vijiko vimegeuzwa, tukadhani uzee. Kuja kupigwa picha ya kifua, upande mzima wa kulia mweupe, uvimbe sentimita 19! Wakasema umeota kwenye ngozi ya nje ya pafu si kwenye pafu lenyewe. Walipoutoa, sukari ikapanda siku hiyo hiyo, haijawahi kushuka tena na huu mwaka wa tano. Hivi uvimbe wa kifuani unashushaje sukari? Hakuna aliyetueleza.

---

Dr_Stetho

Dada, hicho ni kisa ambacho wengi tunakisoma tu. Ni uvimbe wa nyuzinyuzi wa plura, ule utando unaofunika pafu. Klemperer na Rabin waliuelezea 1931. Mwaka mmoja kabla yao, 1930, Doege na Potter kila mmoja kivyake alishaandika mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa kifuani, na hali ya sukari kushuka ikaja kupewa majina yao mawili. Ule uvimbe unatengeneza homoni inayofanana sana na insulini, inaitwa IGF-2, tena kwa umbo kubwa kuliko la kawaida, inakwenda mwilini kote inafungua milango sukari iingie kwenye seli, na ini linazuiwa kutoa akiba. Asubuhi mtu hajala usiku kucha ndo anaanguka. Ukipima insulini yake iko chini, ndo kidokezo kwamba kongosho halihusiki. Ukiutoa, kiwanda kimefungwa. Na kucha zile zilikuwa dalili, sio uzee, mara nyingi nazo zinarudi kawaida uvimbe ukitolewa.

Siku hizi kuutambua maabara si shida kama zamani. 2013 ilionekana kwamba seli zake zina jeni mbili zilizoungana, NAB2 na STAT6, sasa tunapaka rangi ya STAT6, kiini cha seli kikishika, jibu umepata.

Ila dada, nataka nikukwaruze kidogo. Huu kwa wengi ni mpole, lakini si wote, na unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na zaidi. Baba hata akiwa na miaka mitano toka operesheni bado anatakiwa kupiga CT kila mwaka. Anapiga?

---

Mke_wa_Fundi

Alisimama mwaka wa pili dokta. Tulisikia "siyo kansa" tukafunga faili. Nampigia mama sasa hivi.

---

Kifua_Kipya

Hapo dokta umenigusa na mimi. Mi nimeambiwa CT ya miezi sita, halafu ya mwaka, halafu basi. Inatosha?

---

Dr_Stetho

Ya kwako ikitolewa yote kurudi ni nadra mno. Kuna wagonjwa wachache imekutwa mpaka kwenye tezi za limfu za karibu, na hata hao wameishi kawaida. Kwa ya kwako naona ratiba hiyo ni nzuri. Mnaona tofauti? Maneno "siyo kansa" peke yake hayatoshi, unatakiwa uondoke na JINA. Hamatoma unasahau. Wa nyuzinyuzi unafuatilia maisha. Ule wa maiofibroblasti unaotokea zaidi kwa watoto na vijana mimi siuweki hata kwenye kundi la wapole, unaweza kula nyama za jirani, na kama una jeni ya ALK iliyokatika na haukatiki kwa kisu kuna kidonge, krizotinibu, Marekani walikiidhinisha kwa kazi hiyo 2022, watoto kuanzia mwaka mmoja. Huwezi kupata kidonge hicho kama karatasi inasema tu "uvimbe usio kansa".

---

Jicho_Kavu

Na hii PET skani wanayosifia, si unapiga tu inakwambia kansa au siyo, yaishe?

---

Dr_Stetho

Haiishi. PET inaonyesha nani anakula sukari sana. Kansa inakula, TB hai inakula, fangasi wanakula, nyumosaitoma inaweza kula kidogo. Kasinoidi iliyo mpole inaweza isile. Kwa hiyo unaweza ukawaka bila kansa na ukazimika nayo. Inasaidia ukiiweka pamoja na vingine.

Na kabla ya sindano mniulizie kitu kimoja: je kuna mshipa unaoingia na kutoka kwenye hicho kidonge? Maana kuna fundo la mishipa ya damu pafuni ambalo kwenye eksirei ni duara safi kabisa, ukilichoma sindano umefungua bomba. CT yenye dawa ya mshipani inalionyesha. Sindano yenyewe hata ikienda vizuri, mtu mmoja hivi kati ya watano hewa inavuja kidogo nje ya pafu, wengi inapona yenyewe, wachache wanawekewa mrija kama wa dada.

---

Bi_Fenesi

Shikamooni, mi naomba msaada maana toka juzi silali. Nina miaka 44. Miaka kumi na moja nyuma nilitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, nyingi mno. Sasa nimepiga eksirei kwa ajili ya kikohozi cha kawaida kimeshapona, wamekuta vidonge pande zote mbili, CT inasema tisa, kikubwa milimita 17. Nimeambiwa ni kansa imesambaa tutafute ilikotoka. Wamenichunguza matiti, tumbo, utumbo, wapi. Sindano imesema "seli za msuli laini, hazina dalili za ukali". Daktari wangu naye anakuna kichwa. Nisomeeni.

---

Dr_Stetho

Marahaba dada, vuta pumzi kwanza.

Sitakupa jibu kupitia simu, lakini ulichoandika, kizazi kimetolewa kwa faibroidi, vidonge vingi pande zote, msuli laini usio mkali, mwambie daktari wako afikirie liomaioma inayosambaa bila kuwa kansa. Najua jina linajipinga lenyewe. Ni seli za faibroidi zile zile zimekwenda kukaa pafuni, huenda kupitia damu, mara nyingi miaka mingi baada ya operesheni ya kizazi. Zinakua pole pole na wengi hawana dalili.

Waombe maabara wapake rangi za vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni, kwenye hicho kinyama kilichopo. Zikishika, hiyo nyama yaelekea ina asili ya kizazi. Pia wahesabu seli zinazogawanyika, maana tunayemwogopa ni liomaiosakoma, huyo ni kansa kweli na anaanzia hapo hapo. Ikithibitika ni mpole, chakula chake ni homoni: wengine tunawaangalia tu mpaka wakome hedhi, vidonge vinasinyaa vyenyewe, wengine tunawapa dawa za kuzima homoni, wengine wanatolewa ovari. Wewe ovari zako walikuachia?

---

Bi_Fenesi

Waliniachia zote mbili. Dokta nimelia hapa, ila kilio kingine.

---

Kifua_Kipya

Bi Fenesi pole mama, mi nakuelewa kuliko unavyodhani. Tafuta makaratasi ya zamani. Yote.

---

Dr_Stetho

Mleta uzi kaniwahi. Muhimu kuliko kinyama kipya ni kile cha zamani. Kizazi kilipotolewa kilipelekwa maabara, vipande vyake vikamiminiwa nta, vile vibonge vya nta vinatunzwa miaka mingi. Mtaalamu mmoja aviweke pamoja chini ya darubini moja, cha kizazi na cha pafu. Kama kile cha zamani kilikuwa na ukali ambao haukuonekana, ataona. Kama vyote ni vipole na vinafanana, umepata jibu bila kukatwa tena.

---

Bi_Fenesi

Faili langu pale waliniambia limepotea toka walipohama jengo. Lakini karatasi ya kuruhusiwa ninayo, nyuma kuna namba imeandikwa kwa kalamu, herufi H halafu namba tano na mkwaju wa mwaka. Sijawahi kujua ni ya nini.

---

Dr_Stetho

Hiyo yaelekea ni namba ya kinyama chako. Usiende masjala, masjala watakutafutia faili mpaka jioni. Nenda moja kwa moja maabara ya patholojia na hiyo karatasi, waambie unaomba kibonge cha nta na slaidi. Piga picha hiyo namba usiku huu, wino wa kalamu unafutika.

---

Bi_Fenesi

Nimeshapiga, na nimemtumia dada yangu na yeye aitunze. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwao.